Pepeta ya Eka Nzima

Nianze na mlango, maana kila anayemfahamu Nesi huanza na mlango. Alikuwa akiufunga mara tatu. Anafunga, anavuta kitasa, anatembea hatua ishirini, anarudi, anavuta tena. Anafika barabarani, anasimama katikati ya njia na kujiuliza kwa sauti, "Hivi nimefunga kweli?" Anarudi. Sisi wanajumuiya wenzake tuliokuwa tukimsubiri twende misa ya kwanza tulikuwa tunamaliza rozari nzima palepale njiani, tena bila haraka. Siku moja mwenyekiti wa jumuiya uvumilivu ukamwishia, akamwambia, "Nesi, humo ndani umeficha nini, mfupa wa mtakatifu?" Nesi akacheka mpaka akashika kiuno. "Nimefungia wasiwasi wangu," akasema. "Nikiuacha wazi utawatokea na ninyi."

Tulicheka sote. Mimi nilicheka kuliko wengine, jamani, na leo nikikumbuka kicheko kile naona aibu.

Jina analo, la ubatizo na la ukoo, ila hapa Ifakara hakuna anayelitumia. Ni Nesi tu. Hata alipostaafu aliendelea kuwa Nesi, na watoto waliozaliwa baada ya yeye kuacha kazi wanamwita Nesi bila kujua alimuuguza nani. Nimemjua miaka kumi na saba. Nyumba yake na banda langu la ushonaji vinatenganishwa na uzio wa michongoma, na bondeni, ng'ambo ya mto, shamba lake la mpunga linapakana na langu. Kwa hiyo mjini ni jirani na shambani ni jirani. Mtu wa hivyo humkwepi, hata ukitaka.

Tulianza kufahamiana vizuri siku nilipodhani nakufa. Nilikuwa nakata kitambaa cha sare, mara moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikafa ganzi. Nikajisemea, ndiyo hivyo, presha, kama mama yangu. Nikakimbilia zahanati nikiwa na mkasi mkononi. Nesi alinipokea mkasi kwanza. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake dakika nzima. Akahesabu mara ya pili, kwa sababu hakuiamini ile ya kwanza.

"Moyo wako mzima, Fundi. Unaumwa mawazo."

Nikakasirika. Mtu unaenda kufa, unaambiwa mawazo! Nikamuuliza, "Kwa hiyo mimi najifanya?"

"Nani kasema unajifanya? Jino likiuma unajifanya? Haya, vuta pumzi mpaka tatu. Sasa toa mpaka sita. Taratibu, kama unampoozea mtoto uji. Tena."

Nikapooza uji usiokuwepo, mbele ya akina mama wenye watoto wa kliniki, nikiona haya. Lakini moyo ulishuka. Nikarudi kwangu na mkasi wangu, nikamaliza sare.

Tangu hapo alinifundisha mambo mengi, na sijui kama kuna mtu mwingine katika bonde hili lote anayeujua wasiwasi kama alivyoujua yeye. Alinipangia saa ya kuwaza. Ndiyo, saa ya kuwaza! Kila siku baada ya chakula cha mchana nilitakiwa kukaa kwenye kigoda nyuma ya banda, robo saa, niwaze yote ninayotaka: mume wangu na trekta lake kupinduka tutani, ada, mama, kifo. Robo saa ikiisha, nainuka, nakung'uta kanga, narudi kwenye cherehani. Wazo likija asubuhi naliambia, subiri, saa yako bado. "Mgeni huyo," alikuwa akisema. "Ukimfukuza atagonga mlango siku nzima. Mpe kiti, ila usimpe kitanda." Nilimwona mtu wa ajabu. Baada ya miezi miwili nilikuwa nakaa kile kigoda na sina la kuwaza, nahesabu kuku.

Yeye mwenyewe hakuweza. Mganga hajigangi, wahenga walishasema, na mimi nilikuwa nikimwambia hivyo usoni. Alijua pumzi zote, alijua vigoda vyote, na bado alikuwa anarudi kuvuta kitasa. "Mimi najua njia ya kwenda Mlimba vizuri sana," alinijibu siku moja. "Kujua njia si kufika."

Kitu kimoja kilikuwa kinampandisha hasira: msemo wa wasiwasi ndiyo akili. Ukiutamka mbele yake, anaweka chini alichoshika. "Anayesema hivyo hajawahi kuumwa nao hata siku moja. Mimi ninao tangu niko shule ya msingi, mbona sijawa profesa?" Lakini hapo, tuseme ukweli, alikuwa anajipinga. Kazini wasiwasi wake ulikuwa dhahabu. Alikuwa anakagua jokofu la chanjo asubuhi, mchana na jioni. Mama akijifungua akaruhusiwa kwenda nyumbani, Nesi anamfuata kesho yake kwa miguu kwa sababu hakupendezwa na rangi ya midomo yake. Namjua mwanamke mmoja wa Kiberege anayelima na kulea wajukuu leo kwa sababu Nesi alimfuata, akamkuta anavuja damu na wakwe wanamwambia ajikaze. Kwa hiyo watu walimsifu. Miaka thelathini na kitu walimsifu kwa ugonjwa wake, na alipostaafu wakamwacha nao nyumbani, ukiwa hauna jokofu wala mzazi wa kukagua. Ukabaki na mtu mmoja tu wa kumkagua, naye ni binti yake.

Mimi nilitafuta chanzo. Nilidhani labda kuna mtoto aliyemfia mkononi, labda mume aliondoka asubuhi na hakurudi. Mume wake alifariki, kweli, ila kwa uzee na kwa kuaga. Wengine mtaani walisema ametupiwa kitu na watu wa kwao upande wa Mahenge, wakamshauri aende akanyolewe kwa mganga, uchawi umtoke. Nesi aliwajibu kwamba nywele zake hazina kosa. Nilipomuuliza mimi alichoka kabisa. "Mnatafuta chanzo kama mnamtafuta mwizi wa kuku. Wapo wanaozaliwa na miguu mirefu. Mimi nilizaliwa na hiki."

Sasa nimfikie huyo binti, kwa sababu yote yanaishia kwake.

Ni mtoto wake wa pekee. Wakati huo alikuwa Mang'ula, anafanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni wanaokuja kupanda milima. Binti mpole, mwenye sauti ya chini, anayesalimia kwa kupiga goti hata barabarani. Mama yake alikuwa akimpigia simu mara nane kwa siku, mara kumi. Umeamka? Umekula? Umefika? Hiyo sauti mbona nzito? Asipopokea, Nesi anapiga simu ya mapokezi. Mapokezi wasipopokea, anampigia dereva wa bodaboda wa kule aende akamchungulie. Siku moja mtandao ulikatika Mang'ula yote, na Nesi akapanda basi, akatokea kazini kwa binti na ndala tofauti miguuni, mbele ya wageni, analia. Binti alimpa maji, akampeleka chumbani kwake alale. Hakumgombeza. Yote hayo aliyavumilia.

Kilichomshinda ni mtoto. Alipojifungua, Nesi alikwenda kumlea kama desturi inavyotaka, amkande, ampikie mtori. Alimkanda vizuri. Ila kila mtoto akisinzia, Nesi anainama na kuweka kidole chini ya pua yake asikie kama anapumua. Mtoto anashtuka, analia. Anabembelezwa, anasinzia, kidole kinarudi. Wiki ya tatu binti alikuwa anamnyonyesha mwanawe kibarazani, mtoto akalala, na binti akaona kidole chake mwenyewe kimekwenda puani kwa mtoto. Akakitoa. Kikarudi. Yeye mwenyewe alinisimulia, akiwa ameshika kile kidole kwa mkono mwingine. "Mama mdogo, niliogopa kuliko siku niliyojifungua. Nikamwambia mama, tafadhali, rudi nyumbani."

Nesi akarudi Ifakara. Hakumwona mjukuu tena kwa miezi saba. Alikuwa akija bandani kwangu, anakaa kwenye kile kigoda alichonipangia mwenyewe, na neno lake lilikuwa moja: "Nataka nimpakate, Fundi. Siku moja tu nimpakate vizuri."

Msimu ulipofika, binti alikuja mjini kuniona. Si mama yake, mimi. Akakaa kwenye benchi la wateja na kutoa masharti yake, polepole, kama anayekariri. Kuanzia siku tutakayopanda madunguni kuamia ndege mpaka siku ya kuvuna, mama asimpigie hata mara moja. Yeye binti atapiga kila Jumapili baada ya misa, mara moja. Mama akiweza, yeye atachukua likizo, atamleta mtoto wakati wa mavuno, akae na bibi yake mwezi mzima. "Simkomoi," alisema. "Nataka nione kama inawezekana. Kama kwake inawezekana, na kwangu itawezekana." Hapo nikaelewa kwamba hakuwa anamwogopa mama yake. Alikuwa anajiogopa mwenyewe.

Nesi alikubali kabla sijamaliza kueleza. Akanipa simu yake, akaifunga kwanza kwenye leso, mafundo mawili. "Nikikuomba usinipe. Nikilia usinipe." Tukavuka daraja na magodoro yetu, masufuria na madumu, tukaenda kukaa bondeni.

Asiyejua kuamia ndege hudhani ni mapumziko. Unapanda dunguni alfajiri, jukwaa la miti juu ya shamba, na unakaa pale mpaka jua linazama. Kamba zenye makopo zimetandazwa kila upande. Kwelea wakija unavuta, makopo yanalia, unapiga kelele, unawatupia udongo kwa teo. Kundi moja likitua ukiwa umesinzia, umekula hasara ya robo ya shamba. Nilikuwa na hofu. Nikasema, mtu mwenye akili isiyotulia ukimpandisha juu ya miti kutwa nzima, si atapasuka?

Loh! Nesi wa dunguni sikumjua. Alikaa wima, macho kodo, teo mkononi, na alikuwa ametulia. Nawaambia ametulia! Ndege wanakuja, anawaona, anawatupia, wanakwenda. Kati ya kundi na kundi anavuta pumzi tatu, anatoa sita. Alianza kuimba nyimbo za Kipogoro ambazo sikujua kama anazijua, na mimi kutoka dungu langu naitikia bila kujua maneno. Wiki ya pili alinirushia swali akicheka, "Fundi, unajua kwa nini huku napona? Ndege wa huku nawaona! Nikiwatupia wanaruka. Wale wa kwangu wa mjini natupa, natupa, wako palepale."

Jumapili ya kwanza binti alipopiga, Nesi aliongea dakika nne, akanirudishia simu na kujifuta jasho. Ya pili, ya tatu, vivyo hivyo. Hakuniomba simu hata siku moja katikati ya wiki. Siku moja tu aliinyooshea mkono, akaurudisha, akaenda kuvuta makopo wakati hakukuwa na ndege. Mpunga ukachanua, masuke yakainama. Akaanza kupanga: atamfanyia mjukuu pepeta. Atakata masuke machache machanga, ayakaange, ayatwange, amtafunie ilainike. Kila mtoto wa bonde hili ameonja pepeta kabla ya wali wa mpunga mpya, na wa kwake naye ataonja. Niliamini. Mimi na masikio yangu haya niliamini kwamba amepona.

Kilichomvunja ni habari njema. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Jumapili ya saba binti alipiga akasema, "Mama, umeweza. Jumamosi hii tunakuja." Nesi alipiga vigelegele, akashuka dunguni akacheza kwenye tope. Jumatatu hakuimba. Jumanne alikuwa anatazama mawingu upande wa milimani. Mpunga ulikuwa umebakiza kama wiki mbili na nusu. Ukiibana punje kwa ukucha ilikuwa bado laini, na binti alijua hivyo, alitaka aje mapema washinde pamoja dunguni.

Jumatano asubuhi nikamwona yuko katikati ya shamba lake ameinama. Nikadhani anakata yale masuke ya pepeta. Lakini alikuwa anakwenda mbele, mstari baada ya mstari, na nyuma yake mpunga wa kijani umelala. Nikashuka mbio mpaka nikapoteza kiatu.

"Nesi! Unafanya nini? Haujakomaa huo!"

"Maji yanakuja."

"Maji gani? Jua hili hulioni?"

"Mvua imenyesha huko juu. Kuna mtu wa bodaboda katoka kijiji cha Mbingu, kasema mto umejaa. Njoo uone mferejini." Akanivuta mkono mpaka kwenye mfereji. Alikuwa amechomeka kijiti. "Jana maji yalikuwa hapa. Leo yako hapa."

"Ni upana wa kidole, Nesi."

"Mafuriko yote huanza na upana wa kidole. Unataka mwanangu aje akute ziwa? Aje akute sina hata punje, aseme mama ameshindwa hata hili?"

Nikamwambia avute pumzi. Akavuta, akatoa, hesabu zote sahihi, na mundu haukusimama. Nikamwambia huu ni ule ugonjwa wako. Akaniangalia kwa huruma, eti kwa huruma, akasema, "Najua. Lakini na kama safari hii ni kweli?"

Kwa swali hilo nilishikwa. Nilirudi mferejini kukitazama kile kijiti. Nikakitazama tena. Nikarudi dunguni kwangu nikawa sioni ndege, naona mfereji tu. Kufika mchana nilishakwenda mara sita. Moyo ukaanza zile mbio zake za zamani, na kigoda changu kiko mjini. Basi nikachukua mundu wangu. Nilimsaidia Nesi kumaliza la kwake, kisha nikaingia langu, na majirani wa mashamba mawili ya chini, walipotuona wanawake wazima tunakata mpunga mbichi, wakasema hawa lazima wamesikia kitu, nao wakaingia. Hakuna aliyekuwa amesikia kitu. Mpaka Ijumaa jioni eka yote ya Nesi ilikuwa chini, na nusu ya kwangu.

Jumamosi jua liliwaka sana. Kwenye mfereji maji yalikuwa yamepungua, kijiti kinaning'inia hewani.

Binti alikuja kwa bajaji, mtoto mgongoni ndani ya kitenge kipya. Alishuka anatabasamu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta mpunga. Kisha akaona miganda ya kijani iliyolundikwa kwenye turubai. Nesi alisimama pembeni yake akiwa amevaa gauni la misa, mikono imekunjwa.

"Mama, hii nini?"

Mimi ndiye niliyeropoka. "Pepeta, mwanangu. Tunamtengenezea mjukuu pepeta."

Binti akageuka akatazama tena shamba, lote, mpaka mwisho. "Pepeta ya eka nzima, mama mdogo?"

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Hakupiga. Alifungua kitenge, akamtoa mtoto, akampa mama yake. Ndivyo alivyo, mpole mpaka mwisho, alitaka atimize hata ahadi ile ya mtoto. Nesi akakaa kwenye mkeka akampakata. Mtoto alikuwa mnene, ameota meno mawili, alimshika bibi yake kidevu, akacheka. Tukacheka wote na sisi. Nikaanza kufikiri labda yatapita, labda tutapika, tutakula, na mpunga ni mpunga tu. Safari ilikuwa imemchosha mtoto. Akasinzia mikononi mwa bibi yake. Na Nesi akiwa anamtazama, akiwa anatabasamu kabisa, kidole chake kikaenda chini ya pua.

Binti alikiona. Mimi nilikiona. Nesi mwenyewe alikiona, nadhani, kwa sababu alikirudisha haraka na kukificha ndani ya mkono. Dereva wa bajaji alikuwa bado anakunywa maji kibandani. Binti akamwinua mtoto taratibu asimwamshe, akamfunga mgongoni, akapiga goti kumuaga mama yake kama desturi.

"Jitunze, mama," akasema. Akanitazama mimi. "Na wewe jitunze, mama mdogo." Mikono yangu ilikuwa imejaa michubuko ya mundu, na aliiona.

Mvua haikunyesha wiki tatu nzima. Mpunga wetu tulipoupeleka kukoboa ulitoka chenga tupu, unga na pumba, na mwenye mashine akauliza kama tumevuna majani. Mwaka ule wote nilikula chenga, na kila kijiko nilijua ninakula nini.

Kabla ya mwaka kuisha binti aliacha kazi Mang'ula akahamia mbali, upande wa Iringa. Alibadili namba. Ile mpya alinipa mimi peke yangu, kwa sharti: mama yake akifa au akiugua sana, nimpigie. Zaidi ya hapo hapana. Wakati mwingine alinitumia ujumbe mfupi. Wa mwisho ulisema, "Mtoto anatembea." Niliusoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Msimu huu Nesi hakulima. Alisema magoti. Lakini nilipovuka daraja na godoro langu kwenda kuamia, nikamkuta yuko kwenye dungu lake, juu ya eka ya magugu, kamba za makopo zimefungwa upya. Kutwa nzima anafukuza ndege kwenye nyasi. Vijana wa mashamba ya chini wanampitia na kumtania, "Nesi, mavuno lini?" Anawajibu vizuri tu, "Yakiwa tayari mtayaona." Kidogo kidogo wameacha kumtania.

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia. Niliandika ile namba kwenye kikaratasi, nikavuka mpaka wetu, nikapanda ngazi ya dungu lake. Nilikuwa nimeamua kuvunja ahadi.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Kaa upande huu, mti ule umeoza."

Nikamnyooshea kikaratasi. Alijua bila kuuliza. Alikitazama kikiwa bado mkononi mwangu, akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.

"Usinipe, Fundi."

"Ni mwanao, Nesi. Mpigie mara moja tu, umsikie."

"Nitampigia mara moja. Halafu nitampigia kuuliza mbona alikohoa. Halafu nitampigia kesho." Alikuwa anaongea taratibu, kama zamani kliniki. "Nimekaa nikafikiri dawa ya kumpa yule mwanangu. Miaka yote hii dawa niliyo nayo ni hii moja, kutokuwa na namba. Niondolee hiyo karatasi."

Nikaikunja. Ndege walikuja, akavuta kamba, wakaruka. Nilitaka kumpa kitu, chochote, nisishuke mikono mitupu. Nikasema, "Mjukuu wako anatembea."

Uso wake! Sijauona ukifunguka hivyo tangu siku ya vigelegele. "Anatembea? Mwenyewe? Bila kushikwa?"

"Bila kushikwa."

Alicheka, akapiga makofi mara moja. Kisha nikaona kicheko kinaondoka, nilikiona kabisa kikiondoka, macho yakahama kwangu yakaenda kusikojulikana.

"Hapo wanapokaa kuna kisima?"

"Sijui, Nesi."

"Kimefunikwa?"

"Sijui. Nesi, vuta pumzi."

"Mtoto anayetembea huenda kwenye kisima," akasema kwa sauti ndogo. "Kwanza kabisa huenda hapo." Na akavuta pumzi, akatoa, akavuta, akatoa, midomo ikihesabu.

Nilishuka. Nilirudi dunguni kwangu nikavuta makopo yangu. Nikajiambia, mpe kiti, usimpe kitanda. Nikajiambia, huko Iringa watu wana mabomba. Halafu nikamwona mtoto ambaye nimemwona mara moja tu maishani mwangu, anakwenda kwa miguu yake mifupi kwenye duara jeusi lisilo na mfuniko. Nilivumilia mpaka alasiri. Nikatoa simu, nikapiga.

Alipokea upesi, sauti imejaa hofu. "Mama mdogo! Mama amekuwaje?"

"Mama yako mzima. Nilitaka kuuliza tu, mwanangu. Hapo mnapokaa kuna kisima?"

Nilimsikia mtoto kwa mbali, akigonga kitu sakafuni, akisema neno lisiloeleweka.

"Hata wewe," binti akasema. Hakulisema kwa hasira. Akakata.

Jioni ile nilipojaribu kumwomba radhi, namba haikupatikana. Kesho yake haikupatikana, na mpaka leo haipatikani. Kikaratasi bado ninacho, nimekifunga kwenye pindo la kanga. Nesi sijamwambia. Asubuhi jua likitoka ananipungia mkono kutoka juu ya magugu yake, nami nampungia, na kila mmoja anageukia ndege wake.